Ngeli za Vinyamazishi katika Kerneli ya Linux

Wanasarufi wamebishana miaka mingi kuhusu idadi ya ngeli za Kiswahili, wala hawajamaliza. Atakayechoka na ubishi huo ahamie kwenye kerneli ya Linux. Huko imeota jamii nzima ya funksheni na makro ambazo kazi yake ni kuwanyamazisha wenzao, na majina yake yanahitaji mwanasarufi kwa haraka.

Asili ya jamii hii ni printk, mdomo wa kerneli. Diski ikianza kufa, kiendeshi chake hulalamika kila kinaposhindwa kusoma, na majaribio ya kusoma hayaishi. Tuseme konsoli iko kwenye waya wa seriali wa biti 9600 kwa sekunde: hapo hupita herufi 960 tu kila sekunde, hivyo mstari wa herufi 80 unakula moja ya kumi na mbili ya sekunde. Malalamiko yakifululiza, mashine inashinda ikiandika kwamba inaumwa, na kazi iliyonunuliwa kuifanya inalala. Ndipo vinyamazishi vikazaliwa.

Ngeli ya kwanza ni ya once: pr_info_once, WARN_ON_ONCE na ndugu zao. Husema mara moja, kisha kimya hadi mashine iwashwe upya, isipokuwa msimamizi aandike 1 kwenye faili la clear_warn_once. Jina na tabia vinalingana. Mtafiti hana la kuongeza.

Ngeli ya pili ndiyo yenye utata. Kuna printk_ratelimit, ambayo licha ya jina lake haichapishi ujumbe wako. Huulizwa tu, nayo hujibu ndiyo au hapana: "je, niseme?" Mwandishi wa msimbo huiweka ndani ya if, kisha anaita printk mwenyewe. Mgao wake wa kawaida ni jumbe 10 kila sekunde 5, na mgao huo ni mmoja kwa wote wanaouliza. Kiendeshi kimoja chenye domo kikiwahi nafasi zote kumi, mwenye habari ya maana anaambiwa hapana. Msimbo wa kerneli wenyewe una maelezo yanayowasihi watu wasiitumie. Binamu yake wa mtandao, net_ratelimit, ana mgao wake, nao hurekebishwa kwa message_burst na message_cost. Hiyo ya pili, cost, yaani "gharama", hupimwa kwa sekunde. Sijui mhasibu angeiweka safu gani.

Ongeza herufi mbili, e na d, unaingia ngeli ya tatu: printk_ratelimited. Hii haiulizwi, inachapisha yenyewe. Tena kila mahali inapoandikwa huwa na hesabu yake, kwa kuwa makro huzaa kigeu tuli papo hapo. Swali limegeuka tendo, na mgao wa kijiji umekuwa wa kaya, kwa kiambishi ambacho jicho lenye usingizi halikioni. Msimamizi anayebadilisha thamani katika /proc/sys/kernel/printk_ratelimit anaigusa ile isiyo na ed peke yake; hizi nyingine hazina habari naye.

Ndani ya ngeli hii yupo mlaghai mmoja: dev_warn_ratelimited. Kwa kuwa inaanza na dev na hutaja jina la kifaa katika kila ujumbe, mtu hudhani kila kifaa kina mgao wake. Hakina. Mgao ni wa mstari ule wa msimbo, hivyo diski kumi zinazotumia kiendeshi kimoja hugombania nafasi zilezile kumi, na diski mbovu inaweza kuiziba mdomo ile iliyoanza kuharibika sasa hivi. Waandishi wa mfumo wa faili wa ext4 waliliona: wameweka mgao wa jumbe za makosa ndani ya muundo wa kila mfumo wa faili uliopachikwa. Kwa maoni yangu jina linalostahili lingesema mgao ni wa nani. Kwamba kuna mgao, hilo tumeshalijua.

Wenzao wa mfumo wa faili wa Btrfs hufupisha ratelimited yote kuwa _rl. Kwenye BSD kuna ratecheck, jina linalokiri kwamba linakagua tu. Wanastahili pongezi.

Imebaki alama inayoachwa kwenye logi. Kipindi kikiisha na ujumbe mwingine ukaja, kerneli huandika idadi ya waliozuiwa na kuwaita callbacks, hata kama kilichozuiwa ni mistari ya maandishi mitupu. Ukipitia net_ratelimit, mstari huo humtaja net_ratelimit mwenyewe. Aliyekuwa akisema hatajwi. Na hesabu hiyo kwa kawaida hutoka pale tu ujumbe unaofuata unapofika. Dhoruba ya sekunde tatu ikikatika moja kwa moja, msimamizi atakuta mistari kumi, na kwenye ripoti ataandika hitilafu kumi.