Kumi na Mbili kwa Moja

Uwiano wa mgandamizo ni hesabu inayolinganisha nafasi iliyomo ndani ya silinda pistoni inapokuwa chini kabisa na nafasi inayosalia pistoni hiyo inapofika kileleni, na ingawa vitabu vya uhandisi huitaja kuwa ni sifa ya injini, katika gereji nyingi za Nairobi huhesabiwa kuwa ni sifa ya mwenye gari. Injini yenye uwiano wa 9.5 kwa 1 huibana hewa na petroli mpaka zienee katika sehemu moja kati ya tisa na nusu za nafasi ya awali, lakini mwenye injini hiyo hana la kuwaambia wenzake, kwa kuwa ndivyo ilivyotoka kiwandani.

Mfano ufaao ni injini ya Toyota ya 4A-FE, iliyofungwa katika Corolla na Carina nyingi za miaka ya 1990, yenye silinda 4 za kipenyo cha milimita 81 na mwendo wa pistoni wa milimita 77. Kwa vipimo hivyo kila silinda huvuta takriban sentimita za ujazo 397, na kwa kuwa uwiano wake ni 9.5 kwa 1, nafasi inayosalia juu ya pistoni ni kama sentimita za ujazo 47. Anayetaka kuipandisha namba hana budi kuibana nafasi hiyo, ama kwa kutia pistoni zilizoinuka kichwa, ama kwa gasketi nyembamba zaidi, ama kwa kuikwangua hedi, yaani kile kifuniko cha juu kinachobeba vali, kazi ambayo mafundi huiita kuskimu. Njia ya mwisho ndiyo ipendwayo kuliko zote, pengine kwa sababu ni nafuu, ingawa mashine inayokwangua chuma haijui kukirudisha.

Kabla ya kukwangua, kanuni inataka nafasi hiyo ipimwe kwa kuifunika hedi na kipande cha plastiki angavu chenye tundu, kisha kuijaza mafuta mepesi kwa bomba la sindano lenye alama za mililita. Hapo ndipo mtu mzima hujikuta katika duka la dawa akiomba bomba kubwa kuliko yote, na akiulizwa mgonjwa ni nani, hujibu kwamba ni Corolla. Wengi huona aibu ya swali hilo kuwa kubwa kuliko faida ya kipimo, wakaiacha hesabu mikononi mwa fundi, ambaye huipima hedi kwa jicho na kuahidi kwamba itafika kumi na mbili. Ukweli ni kwamba milimita nzima ikiondolewa, uwiano hauwezi kupita sana 10.6, na ili kuifikia 12 ingelazimu kuondoa zaidi ya milimita mbili, yaani mpaka vali na pistoni zianze kujuliana hali. Kwa bahati njema ahadi nyingi za aina hii hazitimizwi, na mwenye gari huishi kwa furaha akitangaza 12 huku injini yake ikiwa na 10 na ushei.

Faida yenyewe inastahili kutazamwa bila ushabiki. Katika hesabu ya mzunguko wa Otto, ambayo hukadiria ni kiasi gani cha joto la petroli kinaweza kugeuzwa kuwa kazi, kutoka 9.5 hadi 10.5 ufanisi hupanda kutoka asilimia 59.4 hadi 61.0, nyongeza isiyofika asilimia 3 ya ulichokuwa nacho. Kwa injini yenye nguvu za farasi zaidi kidogo ya 100, hao ni farasi watatu, na kwa kuwa gari lenyewe lina uzito wa takriban tani moja, boksi la spika la kilo 30 kwenye buti linatosha kuwafuta wote watatu. Boksi hilo, kwa kawaida, lilishafungwa mwezi uliotangulia.

Adhabu ya kuzidisha ni kugonga. Cheche ya plagi inapowasha mchanganyiko, moto husambaa kwa utaratibu, lakini mgandamizo ukizidi, sehemu ambayo moto haujaifikia hujipasukia yenyewe kwa joto na shinikizo, na mawimbi yake hupiga kuta za silinda kwa sauti kama ya kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe. Okteni ni kipimo cha uwezo wa petroli kustahimili hali hiyo: aisooktani ilipewa 100 na heptani ikapewa 0, na petroli ya kituoni hupangwa baina yao. Mwaka 1921 Thomas Midgley wa Marekani alivumbua kwamba risasi kidogo huzuia kugonga, na dunia ikaendesha magari kwa sumu hiyo kwa miongo mingi. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006, na wazee wa gereji bado huisifu.

Jambo linalowaponza wakazi wa Nairobi zaidi ya yote ni mwinuko. Jiji liko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa yake ni kama asilimia 82 ya lile la pwani, kwa hiyo silinda huvuta hewa pungufu na injini iliyokwanguliwa kupita kiasi huweza kutulia kabisa, ikampa mwenyewe ushahidi kwamba waoga walikosea. Kisha Desemba hufika, familia hupakiwa, na gari huteremka kwenda Mombasa. Kadiri barabara inavyoshuka ndivyo silinda zinavyoshiba hewa, na baada ya Voi, kwenye joto la alasiri, kokoto huanza. Mwenye gari huongeza sauti ya ile spika, na kwa mara ya kwanza kilo 30 zile hupata kazi ya maana. Fundi wa Mombasa, baada ya kusikiliza kwa sekunde chache, huizungusha distribyuta ili cheche ichelewe, kugonga hukoma, na wale farasi watatu huenda zao pamoja na wawili watatu wa kiwandani.

Wapo wanaotoa ushahidi wa ukoo, wakisema kwamba Toyota yenyewe iliifikisha 4A-GE ya vali 20 ya mwaka 1995 kwenye 11 kwa 1. Ni kweli, lakini hedi ile ilisanifiwa kwa kazi hiyo, ikiwa na vali 5 kwa kila silinda, na petroli iliyokusudiwa ni ile ya okteni ya juu. Ndugu wa ukoo mmoja hawalazimiki kuvaa kiatu cha namba moja. Kwa 4A-FE itakayopanda na kushuka kati ya bara na pwani, 10 kwa 1 ni uamuzi wa kistaarabu, na 10.5 ni ya anayekubali kuirekebisha cheche kwa subira na kuchagua petroli kabla ya kujaza tangi. Sharti hili la mwisho si jepesi, kwani mhudumu wa kituo cha njiani akiulizwa petroli yake ni ya okteni ngapi, hushika bomba na kuuliza kwa heshima zote: “Niweke ya elfu moja ama elfu mbili, bosi?”