Mhadhara wa Bingwa wa Njia za VPN

Mabibi na mabwana, wasomi wenzangu, nanyi mliofuata chai na sambusa, karibuni. Mimi, niliyejitunuku kwa unyenyekevu mkubwa cheo cha Mhandisi Mkuu wa Njia za Mtandao, nimealikwa kuzungumza. Barua ya mwaliko niliiandika mwenyewe, lakini mhuri inao.

Umewasha VPN kwenye kompyuta yako ya Linux. Alama ya kufuli imejitokeza pembeni mwa skrini, na hakuna kinachofunguka. Mtu wa kawaida huzima akawasha. Wa kawaida zaidi humpigia simu mtoa huduma akamtukana. Bingwa hukohoa kwanza, kisha huandika ip route.

Kijana wa nyuma anacheka. Cheka, mwanangu, lakini Linux hutii mistari ya njia inayoonyeshwa na amri hiyo, haina habari na kufuli. Ukikuta 0.0.0.0/1 na 128.0.0.0/1, usipige mayowe: huo ni ujanja wa OpenVPN. Njia ya zamani, ile ya default, huachwa ilipo. Anwani zote za IPv4 hukatwa nusu mbili, na kila nusu huelekezwa kwenye handaki la VPN. Kerneli hupendelea njia iliyo mahususi zaidi, basi nusu hizo zinaipiku nzima. Jambo hili nililigundua mimi, ingawa waandishi wa mwongozo wa OpenVPN walinitangulia. Nimewasamehe.

WireGuard, iliyoingia kwenye kerneli toleo la 5.6 mwaka 2020, ina visa vyake. Ukiiagiza ibebe kila kitu, wg-quick huficha njia kwenye jedwali la pembeni namba 51820, na msomaji wa ip route peke yake ataapa kwamba VPN haipo. Aongeze ip rule. Au akate mzizi wa fitina kwa ip route get 1.1.1.1, amri inayotaja waziwazi pakiti itatokea wapi: wg0 ya handaki au wlan0 ya Wi-Fi.

Majina hayafunguki ilhali namba zinafunguka? Hiyo ni DNS, tazama resolvectl status, msinipotezee muda.

Binti wa mstari wa mbele anauliza mbona ping inapita na kurasa ndogo zinafunguka, ila kubwa zinaganda. Swali zuri, binti yangu, hasa kwa kuwa jibu ninalo. Ni MTU, yaani kikomo cha ukubwa wa pakiti. Kebo ya kawaida ya mtandao hubeba pakiti ya baiti 1500. WireGuard huanzia 1420, maana kila pakiti huvikwa koti la usimbaji. Njiani kukiwa kwembamba zaidi, na ruta za katikati zimezuia ujumbe wa ICMP unaotoa habari hiyo, pakiti kubwa hufia huko na hakuna anayeleta taarifa ya msiba. Andika ping -M do -s 1392, kisha anwani iliyo upande wa pili wa handaki: 1392 ukijumlisha 28 za vichwa unapata 1420. Ikikwama, shusha MTU hadi 1280 ujaribu tena.

Na ninyi ambao ruta ya nyumbani na mtandao wa ofisini vyote vinatumia 192.168.1.0/24, mtatuma ripoti kwenye printa ya ofisi iishie kwenye runinga ya sebuleni. Badilisheni anwani za nyumbani. Ushauri huo hutolewa kwa bahasha, leo nimewaonea huruma.

Sasa namwomba yule binti apande jukwaani na kompyuta yake. Slaidi zangu zimegoma kufunguka tangu nilipowasha VPN.