Baba Anaendesha, Mama Anaona

Kwamba gari la Baba linaendeshwa na watu wawili, tulikuja kujua siku Shangazi alipopewa lifti kutoka Gongo la Mboto kwenda nyumbani Chanika. Alikaa nyuma, akawa anamsikia Mama kule mbele: "Tuta hilo. Mtoto kulia. Bodaboda anatupita. Ngoja, ngoja... haya, nenda." Shangazi akadhani ni wasiwasi tu. Walipoacha lami na kuingia mtaani kwetu, Mama akainama kutafuta dawa zake kwenye mkoba. Baba akasimamisha gari katikati ya njia, akauliza kwa upole, "Mbona husemi?"

Usiku uleule Shangazi alitupigia simu watoto wote. Tukapanga kikao Jumapili, lakini ajali ikatuwahi. Ijumaa jioni, giza likianza kuingia, wazee wakiwa wanateremka Pugu, basi lilikuja mbele yao limewasha taa kamili. Baba alisema baadaye kwamba barabara yote iligeuka nyeupe. Pembeni kulikuwa na kijana anasukuma guta la madumu ya maji, halina hata kiakisi mwanga. Mama aliliona, akapiga kelele. Kijana akarukia mtaroni, akavunjika kifundo cha mkono. Guta likapinduka. Baba na wasamaria walimtoa, wakampeleka hospitali kwa gari lilelile, safari hii dereva akiwa mpita njia.

Daktari wa macho alimweka Baba mita sita kutoka kwenye ubao wa herufi. Jicho la kulia likasoma herufi moja tu, ile kubwa ya juu kabisa. Hiyo ndiyo wanayoiandika 6/60: anachokiona yeye akiwa mita 6, mwenye macho mazima anakiona akiwa mita 60. Ni mtoto wa jicho. Lenzi imeingia ukungu, na taa ya gari ikiipiga, mwanga unasambaa jicho zima. La kushoto lina presha ya macho, ugonjwa unaoanza kula pembeni taratibu, bila maumivu, mwenyewe asijue, na kinachopotea hakirudi. Leseni ya Baba ilikuwa bado haijaisha muda. Siku aliyopewa, macho yalikuwa mazima.

Gari likiwa kwenye kilomita 50 kwa saa linakwenda karibu mita 14 kila sekunde. Mama aone, aseme, Baba asikie, ndipo akanyage breki: kwa sekunde moja na nusu tu, mita 20 na ushee zimekwisha. Yule kijana hakuwa na mita hizo.

Jumapili kaka yetu mkubwa hakuzunguka. "Baba, funguo."

Baba akaziweka mezani. Hakubisha. Akatutazama mmoja mmoja, kwa namna ile ya kutafuta sura ilipo, akasema, "Sawa, wanangu. Mama yenu kesho anakwenda kliniki na nini?"

Hapo kikao kikapoa. Goti la Mama limesagika. Ngazi ya daladala haipandi, na kwenye bodaboda hawezi kukaa. Kutoka nyumbani hadi lami ni mchanga mtupu wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Njia ya mwendokasi ya Barabara ya Nyerere mwisho wake ni Gongo la Mboto. Kutoka hapo hadi kwetu ni daladala tena, ya kugombania. Sisi watoto tumesambaa, kila mmoja na kibarua chake. Ninaposikia watu wakisema wazee wana ukaidi wa kushika usukani, huwa nakasirika. Baba alijua haoni. Alikuwa anamwendesha mgonjwa.

Na bado Kaka alikuwa sahihi. Kijana wa guta ana mama pia, na tulimkuta wodini amekaa kimya, hana hata swali. Tulilipia matibabu, tukaahidi posho hadi mkono upone na guta jipya, lenye kiakisi mwanga. Baba alikwenda mwenyewe kuomba radhi.

Jicho la kulia limeshafanyiwa upasuaji, kazi isiyofika saa moja: lenzi yenye ukungu ikatolewa, ikawekwa ya bandia. La kushoto anatiwa matone kila siku kulinda kilichobaki. Funguo anazo Kaka, na haziendi popote hadi daktari aseme, na usiku haziendi hata daktari akisema.

Mama sasa anachukuliwa na kijana wa bajaji tunayemlipa kwa mwezi. Ana subira, anamshika mkono hadi ndani. Mvua ikinyesha hafiki, bajaji inazama. Kwa hiyo tumepeleka maombi serikali ya mtaa barabara ichongwe na imwagwe kifusi kabla ya masika. Nyumba 31 zimetia saini, na katika nyumba hizo tumehesabu wazee wengine wanne wanaoendesha.