Koleo, Santuri na Rimoti: Majibu kwa Wapenda Jazi wa Ndabibi

Nyama iliyoungua nje na kubaki mbichi ndani ndiyo shida kuu ya wapenda jazi wanaochoma nyumbani huko Ndabibi, na chanzo chake hakiko kwa mbuzi. Chanzo ni kwamba aliyepewa koleo ndiye huyohuyo aliyepewa santuri. Ndabibi iko magharibi mwa Ziwa Naivasha, mlima wa Eburru upande mmoja na miinuko ya Mau upande mwingine, na baridi ya jioni hushuka mapema. Mchomaji akihisi baridi huharakisha. Huweka nyama juu ya ndimi za moto, kisha hukimbilia ndani kugeuza santuri.

Msomaji aliyetia sahihi ya "Vidole Vimeungua" anashauriwa kusubiri makaa yavikwe jivu jeupe. Mafuta ya mbuzi yakidondoka kwenye moto mkali huwaka, na mwako huo huibabua nyama juu kabla joto halijafika mfupani. Makaa yasukumwe upande mmoja wa jiko, ubavu uanzie upande wa mifupa, na maji ya chumvi yanyunyizwe kidogokidogo. Bia isinyunyizwe, ina kazi nyingine. Makaa ya leleshwa husifiwa sana katika eneo hilo kwa kutunza joto, lakini jiko dogo lenye udongo ndani hutunza joto hata kwa makaa ya kawaida.

Kuhusu muda, saa ya mkononi haisaidii, kwa kuwa hakuna anayeitazama magitaa yakishaanza. Benga ya miaka ya 1970 iliuzwa kwenye santuri ndogo zenye mizunguko 45 kwa dakika, na mara nyingi wimbo ulikatwa vipande viwili: maneno upande wa kwanza, utamu wa magitaa upande wa pili. Anayepiga santuri hizo hulazimika kuinuka kila baada ya dakika chache, jambo linaloeleza nyama nyingi zilizoungua. Franco, mmoja wa walioanzisha OK Jazz mjini Leopoldville mwaka 1956, alilitatua tatizo hilo bila kukusudia. Kufikia miaka ya 1980 nyimbo zake zilirefuka sana, na "Mario" wa 1985 hukaribia robo saa. Nyimbo nne za urefu huo hutosha ubavu wa mbuzi. Mguu unahitaji zaidi, na anayeuchoma asiahidi saa ya kula.

Shida ya pili inatoka kwa kikundi kilichogawanyika. Mwenzao mmoja alirudi kutoka Nairobi na habari kwamba jazi ni John Coltrane na Miles Davis tu, na kwamba Shirati Jazz haihesabiki. Madai haya yamechelewa. Dar es Salaam Jazz Band iliundwa mwaka 1932, na Morogoro Jazz, bendi iliyokuja kumtoa Mbaraka Mwinshehe, ilianza mwaka 1944. Joseph Kabasele na African Jazz yake walitoa "Indépendance Cha Cha" mwaka 1960, na wimbo huo ukasikika katika nchi nyingi zilizokuwa zikipata uhuru. Mwaka huohuo, mwezi Oktoba, Louis Armstrong alifika Leopoldville akabebwa juu ya kiti na umati uliomshangilia. Umati huo haukumwuliza mtu yeyote cheti cha jazi. Hata D. O. Misiani wa Shirati Jazz, mzaliwa wa Shirati nchini Tanzania aliyejijengea jina Kenya, hakusubiri ruhusa ya New Orleans. Anayetaka kitu kutoka jimbo la Armstrong ajue kwamba Ziwa Naivasha limekuwa na kamba wa maji baridi wa Louisiana tangu mwaka 1970, na hao huchomeka vizuri.

Suluhisho ni zamu. "Kind of Blue" ya mwaka 1959, ambayo Davis na Coltrane wamo pamoja, yafaa wakati makaa yakiiva, kwani hakuna anayetaka kucheza ndani ya moshi. Nyama ikishakatwa, Misiani achukue nafasi. Kuanzia hapo santuri ziguswe na mtu ambaye hajala bado. Mafuta ya mbuzi na mifereji ya santuri havipatani.

Barua ya "Bei Nafuu" inahitaji jibu kali. Rafiki yake huleta nyama nyekundu mno, isiyo na mafuta wala muhuri wa mkaguzi, kwa bei ambayo hakuna bucha inayoiweza. Pundamilia na nyati ni wengi kuzunguka ziwa, na dhana inajijenga yenyewe. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haimsamehe mwenye kula kwa sababu eti hakuuliza. Nyama isiyokaguliwa inaweza pia kubeba kimeta. Isichomwe, na rafiki huyo aletewe kachumbari aikate, kazi isiyo na hatari.

Kisha kuna televisheni. Kwa watu wa umri fulani, jioni ya nyama haikamiliki bila kukumbuka "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani", vipindi vya Voice of Kenya, shirika lililogeuka KBC mwaka 1989. Zamani seti moja nyeusi na nyeupe, ikiendeshwa kwa betri ya gari, iliweza kukusanya majirani wa pande zote. Msomaji aliyerithi seti kama hiyo na kuona chenga tupu hana seti mbovu: matangazo ya analogi yalizimwa mwaka 2015, naye anahitaji king'amuzi.

Ugomvi wenyewe, hata hivyo, ni juu ya Mzee Ojwang wa "Vitimbi". Nusu ya kikundi hushikilia kwamba alikuwa Mjaluo kwa lafudhi yake, na kwamba Mama Kayai alikuwa mkewe wa ndoa. Ojwang aliigizwa na Benson Wanjau, Mkikuyu, aliyefariki Julai 2015. Mama Kayai aliigizwa na Mary Khavere, na ndoa yao iliishia kwenye skrini. Kwamba watazamaji wa kando ya Ziwa Naivasha, waliotoka kila pembe ya Kenya kutafuta kazi kwenye mashamba ya maua, walidanganyika kwa furaha miaka yote hiyo ni sifa kwa mwigizaji. Na katika "Vioja Mahakamani", anayesimulia mwisho wa kesi kabla hakimu hajahukumu anyang'anywe rimoti, apewe koleo.

Kuhusu mgeni anayefika kila Jumamosi na meno peke yake, kikundi kimpe gunia la makaa alibebe kutoka barabarani. Asiporudi, swali limejibiwa. Barua zinazohusu madeni ya bia hazijibiwi na safu hii. Zipelekwe kwa mwenye baa, ambaye ana daftari.