Bomba Lililoharibu Sura ya Nyumba

Baba watoto alipoamua kuigeuza stoo yetu ya Tabata kuwa bafu la chumbani, alichora ramani nyuma ya bahasha: choo cha kukaa kulia, bafu la mvua kushoto, sinki katikati, juu dari ya jipsamu yenye taa ndogondogo. Hewa hakuichora. Bomba la hewa la choo cha zamani lilikuwa linapita kwenye kona ya stoo hiyohiyo na kutokeza juu ya bati, na hakulipenda tangu siku tuliyohamia.

"Linaharibu sura ya nyumba," alisema.

Fundi, kijana mwenye maneno matamu, akamjibu: "Bosi, hilo tunakata tu. Halina kazi."

Likakatwa usawa wa sakafu, likapigwa kifuniko, marumaru zikapita juu yake. Kila aliyekuja kutusalimia alipelekwa kuzitazama zile taa.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa na tabia zake. Mtu akishaoga inatoweka. Usiku wa manane imerudi, nzito, ya mayai viza. Baba watoto alimshuku jirani na chemba yake. Kisha akamgeukia dada wa kazi na tambara lake la kudekia, maskini, hata hakujua anatuhumiwa nini. Nilimwaga dawa ya choo, nikatia naftalini kwenye tundu la sakafu, tukawa na harufu mbili badala ya moja. Mende nao wakaanza kupanda, wale wekundu wa shimoni, na hawakuogopa taa.

Ndipo mama mkwe alipovuka bahari kuja kutujulia hali. Mama ni mtu wa Makunduchi, na si msemaji. Aliingia bafuni kutawadha, akatoka upesi, akaomba chetezo. Nyumba ikafukizwa udi mchana na usiku, mpaka mwanawe akatangaza kwamba tatizo limekwisha. Mama akamtazama kwa muda.

"Udi wangu umekaribia kwisha, mwanangu. Kamtafute fundi mtu mzima."

Fundi mtu mzima alikuja na baiskeli, akiwa na tochi na pimamaji. Nyundo hakuigusa. Alimimina maji kwenye tundu la sakafu, akatwambia tuiname sote, kisha akamtuma kitinda mimba wetu akavute maji ya choo. Tuliyaona kwa macho yetu. Maji yaliyokuwa yametulia mle tunduni yalitikisika, yakapanda kidogo, yakaguna, halafu yakavutwa chini mara moja mpaka plastiki ikabaki wazi. Harufu ikatufikia hapohapo. Baba watoto ndiye aliyekuwa ameinama kuliko wote.

Chini ya kila tundu la maji machafu bomba hupindwa kusudi, ili maji kiasi cha sentimita 5 au zaidi yabaki kwenye kipindo na kuizuia gesi ya shimoni isipande. Ni maarifa ya zamani: Mskoti mmoja aliyekuwa fundi wa saa mjini London, Alexander Cumming, alipata hataza ya choo chenye bomba la kupinda mwaka 1775. Lakini maji ya choo yakishuka kwa kishindo kwenye bomba la inchi 4, nyuma yake huvuta hewa. Yasipoipata juu ya paa, huichukua popote palipo karibu, na kwetu palikuwa ni bafu, ambalo bomba lake la inchi 2 yule kijana aliliunganisha kwenye njia ya choo. Mtu akioga kipindo kinajaa tena, harufu inakatika, hadi mwingine atakapovuta choo.

Fundi hakuyaeleza hivyo. Alinigeukia mimi. "Mama, ukilitoboa dumu la mafuta tundu moja, mafuta yanatokaje?"

"Kwa kukoroma."

"Na ukitoboa la pili?"

"Yanashuka kimya."

"Basi mzee hapa aliliziba la pili."

Marumaru zikavunjwa. Pimamaji ikaonyesha na jambo jingine: bomba la bafu, lililopaswa kuteremka kama sentimita 2 kwa kila mita, lilikuwa limelala chali. Hilo lilirekebishwa bila mjadala. Mjadala ulikuwa kwenye dari. Baba watoto alitaka bomba jipya la hewa liishie juu ya jipsamu, mahali lisipoonekana.

"Likiishia darini," fundi alisema, "harufu italala na nyinyi."

Jipsamu ikatobolewa, taa moja ikahamishwa, bomba likapanda hadi juu ya bati. Mama akauliza kama mdomo wake utafungwa wavu, maana mbu aina ya kuleksi huzaliana kwenye mashimo ya maji machafu, na huku pwani hueneza matende na mabusha. Yeye anayajua hayo kwa karibu: mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walimwaga vipunje vyepesi vya plastiki juu ya maji ya mashimo ya vyoo ya Makunduchi, vikaelea na kutanda, viluwiluwi wakakosa pa kuvutia hewa. Fundi alishuka ngazi akamsikiliza hadi mwisho, kisha akapanda tena na wavu.

Jioni hiyo yule kijana alipiga simu kudai baki ya fedha zake. Baba watoto alisikiliza kidogo, akamkabidhi mama simu.