Simu ya Mama Mkwe Haihami

Kamina tunajua mambo ya kubadili njia. Reli inayotoka Lubumbashi ikifika hapa inagawanyika: huku inashika Kananga mpaka Ilebo, kule inakwenda Kabalo, halafu Kindu au Kalemie. Treni yenyewe haiulizwi inataka kwenda wapi. Kuna mtu chini anayevuta chuma, nayo inafuata. Kwenye waifai ya nyumbani ni kinyume kabisa. Unaweza kuweka ruta tatu, ukazipanga kwa akili zako zote, lakini anayeamua kuhama kutoka hii kwenda ile ni simu. Na simu nyingine, jamani, zina kichwa kigumu.

Nyumba yetu ni ndefu, ya matofali ya kuchoma, na jiko liko nje, nyuma ya uwanja. Sahani ya setilaiti, ya Starlink, iko juu ya bati. Congo iliipiga marufuku Starlink mwaka 2024, ikairuhusu mwaka 2025, na kwa upande wa sahani sina neno. Tabu ni kuta. Ruta kubwa iko butiki, mbele, pamoja na betri ya sola. Ukifika jikoni unabaki na kijistari kimoja kinachotetemeka.

Basi shemeji yangu, anayesoma mambo ya kompyuta Lubumbashi, akaja likizo na ruta mbili ndani ya begi, pamoja na kebo nyingi iliyoviringwa.

Kazi aliianza kwa ubatizo. Moja akaiita Butiki, moja Saluni (yaani sebule), moja Cuisine ya Mama. Majina mazuri, lakini kila moja na kode yake, kwa hiyo mtoto akitoka saluni kwenda kunywa maji ilibidi aandike nambari kama anavuka mpaka wa Kasumbalesa. Baadaye zote tatu zikapewa jina moja, kode moja na aina moja ya ulinzi, maana hapo tu ndipo simu inapoelewa kwamba huu ni mtandao mmoja. Hata hivyo ruta mbili zikaendelea kugawa anwani, kila moja kwa daftari lake. Printa ya butiki na televisheni ya saluni zikapewa anwani ileile, na mteja aliyeleta barua yake ichapishwe akangoja mpaka mpira wa kwenye televisheni ukaisha. Dawa ya hilo ni fupi: ruta moja igawe anwani, nyingine zinyamaze.

Kebo ya kwenda jikoni ilifukiwa uwanjani. Kebo za namna ile huvumilia mpaka mita 100, lakini hazivumilii jembe. Mama mkwe, aliyekuwa akilima matembele yake asubuhi, alikuja kuniambia kwa upole: "Baba, nimekata muzizi moja ya bluu, sijui ni ya muti gani."

Kebo ikaungwa. Ndipo simu yake ikaonyesha tabia yake.

Mama huwa anaongea kwa video na binti yake wa Kolwezi. Anaanza saluni, ameketi vizuri, halafu anakumbuka sombe iko motoni, anainuka na simu mkononi. Anavuka uwanja. Ruta ya jikoni iko hapo juu ya mlango, inawaka taa zake zote, lakini simu imeng'ang'ania ile ya saluni, nyuma ya kuta mbili. Picha inaganda, binti mdomo wazi, jicho moja limefumba. Mama anazidi kumsimulia habari za msiba wa jirani, mwishowe anakasirika: "Huyu mutoto ananikazia macho, nilimufanya nini?"

Kwa iPhone, Apple wenyewe wameandika kwamba simu huanza kutafuta ruta nyingine nguvu inaposhuka chini ya -70 dBm, na haihamii huko mpaka ile mpya iizidi ya sasa kwa desibeli 8 ikiwa kuna mazungumzo, au 12 ikiwa simu imetulia. Zipo pia nyongeza za kiwango cha waifai. Ile ya herufi k, ya mwaka 2008, huipa simu orodha ya ruta za jirani. Ya r, ya mwaka huohuo, hufupisha salamu za mlangoni. Ya v, ya 2011, huishauri simu ihame. Huishauri tu. Simu ya mama, ya kioo kilichopasuka, haipokei ushauri, na mimi ni mkwe: siwezi kumnyang'anya mama mkwe simu mkononi nikaizima na kuiwasha.

Shemeji akazitenganisha ruta kwa chaneli, 1 na 6 na 11, zisipigiane kelele. Halafu akapunguza nguvu ya ile ya saluni, simu iichoke mapema. Watoto wakagoma. Kwao kulipia waifai kisha kuipunguza ni wazimu, na sikupata jibu la kuwatuliza.

Aliyegundua dawa ni mama mwenyewe. Ruta ya saluni inatumia umeme wa mji, nyingine mbili zinakula sola. Siku umeme ulipokatika, ruta ya saluni ilikufa, na simu yake, kwa kukosa pa kushikilia, ikarukia ya jikoni ndani ya sekunde chache. Mama akaona. Tangu hapo, kabla ya kwenda kugeuza bukari, anapita saluni na kuchomoa plagi.

"Nani amekata?" vijana wanalia mbele ya televisheni, mpira ukiwa umesimama hewani.

"Ni miye," anajibu akiwa uwanjani, simu sikioni. "Niko nahama."

Shemeji amepiga simu kutoka Lubumbashi: kuna kisanduku kinachoweza kusimamia ruta zote pamoja, na plagi ya saluni isiguswe tena. Nimemwambia hayo akamweleze mama yake mwenyewe.