Doa Lako Limetoka Wapi? Mwongozo wa Kusafisha Makochi Tabora

Kila doa lililoko kwenye kochi la Tabora lina kwao. Karne ya 19 mji huu ulikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo ilifika hapa Unyanyembe ikagawanyika, moja ikaelekea Ujiji, nyingine kaskazini hadi Karagwe na Buganda. Wapagazi wa Kinyamwezi walipeleka pembe za ndovu pwani wakarudi na merikani, kaniki na shanga. Kitambaa kilikuwa fedha, na mzigo uliolowa ulikuwa hasara. Reli ilipofika mwaka 1912 mabega yalipumzika, lakini vinavyodondoka havijaacha kusafiri. Mawese yanatoka Kigoma, asali inatoka misitu ya Sikonge, vumbi linajileta lenyewe. Vyote vinakutana sebuleni kwako, juu ya kochi la mninga lenye mahameli ya rangi ya krimu, uliyoichagua ukijua fika kwamba una watoto.

Sheria ni moja: doa lihojiwe kabla ya kumwagiwa maji.

Mambo ya kuacha leo

Usigeuze mto. Huko ni kulihamisha doa, na mto una pande mbili tu. Usilifunike kwa kitambaa cha kufuma. Kikikaa upande, kila mgeni anajua kinaficha nini. Usisugue, maana kusugua kunalisukuma doa ndani ya sponji na kukiharibu kitambaa. Jiki nayo ibaki chooni. Inakula rangi pamoja na doa, na ikichanganyika na siki inatoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Dawa yoyote ijaribu kwanza nyuma ya kochi, mahali pasipoonekana, kisha subiri pakauke. Rangi ikichuja, acha hapo hapo, muulize fundi.

1. Vumbi

Hili linatangulia mengine yote, hasa kiangazi, kuanzia Juni hadi Oktoba. Toa mito nje, ipige kwa fimbo, kisha pitisha brashi kavu kwenye mishono. Ukianza na maji umetengeneza tope, na tope likishaingia kwenye mahameli kazi inakuwa mara mbili.

2. Mawese

Tone linaponyoka kutoka kwenye kipande cha mgebuka. Kwa muda mfupi linakaa juu ya nyuzi, jekundu na la mviringo, halijaamua kuingia. Mgeni anasema, “Samahani, shangazi.” Mjibu, “Hamna shida, mwanangu, wewe kula,” huku mkono mwingine umeshashika kijiko. Lichote tone kuanzia ukingoni kwenda katikati, lisije likatanuka.

Nyunyiza unga wa mahindi au poda ya watoto, uache nusu saa. Unga utageuka rangi ya chungwa: hayo ndiyo mafuta yanayotoka. Kung'uta, rudia hadi unga ubaki mweupe. Kisha weka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kikombe cha maji ya vuguvugu, chovya kitambaa cheupe, kikamue, gandamiza. Mafuta hayatii maji matupu, yanatii sabuni. Kikibaki kivuli cha njano, mto uanikwe juani. Rangi ya mawese ni karotini, na jua huivunja.

3. Asali

Hili ni doa lenye adabu, kwa kuwa sukari huyeyuka kwenye maji. Kwangua kwanza, kisha gandamiza kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu, ukikisuuza kila mara. Wakaguzi wako ni sisimizi. Wakirudi kesho, hukumaliza.

4. Embe na chai

Miembe iliyopandwa enzi za misafara bado inatoa kivuli kando ya njia ya zamani, na wajukuu wake wanatoa madoa. Nyonya majimaji kwa kitambaa kikavu, gandamiza kwa maji baridi, halafu tumia kijiko cha siki nyeupe kwenye kikombe cha maji pamoja na tone la sabuni ya vyombo. Sabuni ya mche iweke kando, kwani huweza kulifanya doa la chai ling'ang'anie zaidi.

5. Damu

Tumia maji baridi peke yake. Maji ya moto huigandisha damu kama yai kwenye kikaango, na ikishaganda ndani ya nyuzi haitoki kirahisi.

6. Kukausha

Maji mengi yakiingia kwenye sponji yanazaa uvundo. Bonyeza kwa taulo kavu mpaka lisilowe tena. Ili lisibaki duara, lowesha kidogo kidogo hadi kwenye mshono, siyo kuishia katikati ya kitambaa. Kiangazi cha Tabora kitakukaushia kabla ya magharibi. Wakati wa mvua, fungua madirisha na uwashe feni.

7. Nailoni

Sasa vua ile nailoni iliyokuja na kochi kutoka dukani. Mji huu umekua kwa kupokea watu. Kwihara, nje kidogo ya mjini, lipo tembe lililojengwa upya mahali ambapo Livingstone alikaa miezi kadhaa mwaka 1872, akingoja wapagazi aliotumiwa na Stanley kutoka pwani. Mji wenye historia hiyo haufai kuwa na familia zinazokaa mkekani huku kochi likilindwa lisikaliwe. Siki, sabuni, unga na jua vinapatikana kila mtaa, kuanzia Cheyo hadi Ng'ambo. Ukijua kila doa na dawa yake, huna sababu ya kumwogopa mgeni mwenye sahani. Mkaribishe akae, umwongeze na mchuzi.